Taa na Mashine Katika Waya Mmoja: Habari za Nuru Inayopepesa

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wenzetu wameandika habari za mazao, za bei, na za wazee waliotangulia katika uongozi. Sisi tumepewa kurasa chache za kueleza jambo lionekanalo dogo, ambalo hata hivyo limeleta maneno mengi katika mikutano ya vyama vya msingi. Nalo ni hili: mbona taa za nyumbani hufifia au kupepesa kila mara mashine kubwa iwashwapo? Wako wanachama wasemao kwamba kinu cha chama hunyonya umeme wa majirani. Wengine hushikilia kwamba mita zao huhesabu umeme ulioliwa na kinu, na ya kuwa wao ndio wanaolipia unga wa watu. Maneno ya namna hii yasipopata jibu huzaa chuki kati ya mwanachama na mali yake mwenyewe, maana kinu kile ni chake. Kwa hiyo twaona yafaa kuieleza habari hii tangu asili yake. Ni habari kongwe kuliko nguzo za vijiji vyetu, na watu wa nchi nyingine walikwisha kuisumbukia kabla yetu.

Asili yenyewe yaweza kuwekwa mjini New York, tarehe 4 Septemba 1882, siku ambayo Thomas Edison alifungua kituo chake cha umeme katika mtaa wa Pearl. Msomaji asidhani kwamba kazi iliyomchosha Edison ilikuwa taa peke yake. Taa alikwisha kuipata. Kazi nyingine kubwa ilikuwa waya. Alitambua mapema kwamba akipitisha waya mmoja mtaani na kuzifunga nyumba zote juu yake, nyumba iliyo karibu na kituo itapata nuru nyingi, na ile ya mwisho itapata nuru kama ya kaa la moto. Sababu ni kwamba waya wowote, hata uwe wa shaba safi, huuzuia umeme kidogo unapopita, na umeme upitao ukiwa mwingi, msukumo unaopotea njiani nao huwa mwingi. Ni mfano wa bomba la maji kijijini: mtu wa bondeni akifungua koki kubwa, wa mlimani hupata matone, ijapokuwa tangi limejaa. Basi tangu mwaka 1880 Edison alikuwa amebuni utaratibu wa waya wa namna mbili. Wa kwanza ni waya nene zilizotoka kituoni moja kwa moja hadi katikati ya kila mtaa bila kumgawia mtu yeyote njiani. Wa pili ni waya za kugawia, ambazo zilifungwa kwenye ncha za zile nene. Kwa njia hiyo upotevu uliwekwa mahali ambapo hapana taa, na nyumba za karibu na za mbali zikapata nuru iliyokaribiana. Hili lilikuwa dawa ya kwanza ya ugonjwa tunaousema, na hadi leo mafundi hawajapata dawa iliyo bora kuliko hiyo: mpe mlaji mkubwa njia yake mwenyewe.

Hata hivyo Edison naye aliona taa zikicheza. Katika majaribio ya mwaka ule wa 1882, injini mbili za mvuke ziliunganishwa zifanye kazi pamoja katika kituo kile. Zikaanza kuvutana kama mafahali wawili katika nira: moja ikakimbia, nyingine ikapungua, kisha zikabadilishana. Ikambidi aziunge vidhibiti vyake kwa mhimili mmoja, na baadaye akaleta injini za mtengenezaji mwingine. Twaeleza haya ili ijulikane kwamba tangu siku za kwanza kulikuwa na sababu mbili mbalimbali za nuru kupepesa. Moja hukaa kwenye mtambo unaozaa umeme, na nyingine hukaa kwenye njia na kwa walaji. Mpaka leo anayezichanganya hizi mbili hawezi kupata dawa.

Ile ya kwanza wazee wetu wengi waliiona kwa macho yao bila kujua jina lake. Kabla ya nguzo kufika, mashine nyingi za kusaga Afrika Mashariki ziliendeshwa kwa injini za mafuta, na miongoni mwa zile zilizopata sifa ni za Lister kutoka mji wa Dursley, Uingereza, zenye silinda moja, ambazo mlio wake ulisikika ng'ambo ya bonde. Mwenye injini ya namna hiyo akifunga dinamo juu yake ili apate taa jioni, aliona nuru inapiga kama moyo. Injini inayozunguka mara 650 kwa dakika hulipuka mara moja kwa kila mizunguko miwili, yaani mara 325 kwa dakika, au mara tano na zaidi kidogo kwa sekunde. Kila mlipuko huisukuma dinamo, na katikati ya milipuko dinamo hulegea. Watengenezaji waliponuia kuuza injini kwa ajili ya taa waliifunga magurudumu mazito zaidi, ili uzito wake uuchukue mwendo kutoka mlipuko hata mlipuko.

Turudi kwenye waya. Edison alitumia umeme wa mkondo mmoja wenye msukumo wa volti zipatazo 110, na kwa msukumo mdogo kama huo njia haikuweza kwenda mbali. Mwaka 1885 mafundi watatu wa mji wa Budapest, Károly Zipernowsky, Ottó Bláthy na Miksa Déri, walitengeneza transfoma ya kufaa kwa kazi, na mwaka 1886 William Stanley akawasha taa za mji mdogo wa Great Barrington, Marekani, kwa njia kama hiyo. Transfoma huupandisha msukumo ili umeme usafiri mbali kwa upotevu mdogo, kisha huushusha karibu na nyumba. Ile sanduku ya chuma mnayoiona juu ya nguzo, pale njiapanda, ni mjukuu wa kazi ile.

Kisha ikaja mota, na hapa ndipo habari yetu inapokolea. Nikola Tesla alipata hati zake za mota ya mkondo geu mwaka 1888. Katika mwaka huohuo Galileo Ferraris wa Turin alitangaza kazi aliyoifanya peke yake juu ya jambo hilohilo, na mwaka 1889 Mikhail Dolivo-Dobrovolsky alitengeneza mota ya njia tatu ambayo umbo lake halijabadilika sana hata leo. Mwaka 1891 yalifanyika maonyesho makubwa mjini Frankfurt, Ujerumani. Umeme ulizaliwa Lauffen kwa nguvu za maji, ukasafiri kilometa 175, na ulipofika ukawasha taa 1,000, na pia ukaendesha mota ya nguvu za farasi 100 iliyopandisha maji ya maporomoko ya kutengenezwa ili watu wastaajabu. Kwetu jambo kubwa ni kwamba taa na mota zililishwa na njia moja. Ndoa ya vitu hivi viwili ndiyo iliyoleta ugomvi tunaouzungumza, kwa sababu tabia zao hazifanani hata kidogo.

Taa huchukua kiasi kilekile saa zote. Mota sivyo. Mota izungukapo huzaa ndani yake msukumo wa kuupinga ule unaotoka kwenye waya, na upinzani huo ndio unaoizuia isichukue umeme kupita kiasi. Lakini inapokuwa imesimama, upinzani huo haupo bado. Kwa hiyo katika sekunde zile za kwanza, mpaka ishike mwendo, mota ya kawaida iliyofungwa moja kwa moja kwenye waya huvuta mkondo mara tano hadi mara nane kuliko ule itakaoutumia ikiwa kazini. Mtu anayeinua gunia kutoka chini hadi begani hutumia nguvu ambazo hazihitaji tena akishaanza kutembea nalo.

Tufanye hesabu ndogo, maana hesabu humaliza ubishi upesi kuliko maneno. Chukua waya wa aluminiamu wenye unene wa milimita 50 za mraba, kutoka transfoma hadi nyumba iliyo umbali wa mita 300. Kwenda na kurudi ni mita 600, na ukinzani wake ni karibu omu 0.4. Katika nyumba ile iko pampu ya maji ya njia moja inayotumia ampea 10 ikizunguka. Zidisha 10 kwa 0.4, utapata upotevu wa volti 4, ambao hapana ajuaye isipokuwa mwenye kipimo. Lakini wakati wa kuanza pampu huvuta, tuseme, ampea 55. Upotevu huwa volti 22, na umeme wa volti 230 uliotoka kwenye transfoma unafika ukiwa volti 208 hivi. Sasa taa ya zamani yenye uzi wa tungsteni haipungui kwa kadiri ileile ya volti. Nuru yake hushuka upesi zaidi ya mara tatu kuliko msukumo. Volti zikipungua karibu sehemu 10 kwa 100, nuru hupungua karibu sehemu 30 kwa 100. Ndiyo maana jicho huliona jambo ambalo mita hailioni. Taa za kaboni za siku za Edison zilikuwa nyepesi zaidi kufifia, na pengine ndiyo sababu mojawapo malalamiko yalianza mapema vile.

Na hapa tulijibu lile swali la mita, tusije tukalisahau. Mita ya nyumba hupima umeme unaopita ndani yake kuingia katika nyumba hiyo tu. Umeme wa kinu haupiti humo. Taa yako inapofifia kwa sababu ya kinu, kwa dakika ile taa hiyo hutumia umeme mchache zaidi, wala si mwingi zaidi. Hasara unayopata ni ya nuru, na pengine ya friji, kama tutakavyoeleza mbele, lakini si ya shilingi za kinu.

Katika miji mingi ya Ulaya miaka ile ya mwanzo, makampuni yalijaribu kuukata ugomvi kwa kuzitenga taa na mota: waya zake mbali, mita zake mbali, na bei zake mbali. Dawa hii ilikuwa ghali, ikaachwa kidogo kidogo. Baadaye ilitokea mashine iliyozishinda zote kwa usumbufu, yaani tanuri la kuyeyushia chuma kwa cheche za umeme, ambalo Paul Héroult alikuwa mmoja wa waanzilishi wake mwanzoni mwa karne ya 20. Tanuri hilo huvuta na kuacha bila utaratibu, na miji mizima iliona taa zake zikitetemeka. Wataalamu wakalazimika kupima, si volti peke yake, bali hata kero la jicho la binadamu. Waliona kwamba mpepeso unaoudhi kuliko yote ni ule wa mara nane au tisa kwa sekunde. Katika mwendo huo hata badiliko lisilofika sehemu moja kwa 100 ya volti huonekana. Mwaka 1986 kikatolewa kipimo cha kimataifa cha mpepeso, na taa iliyochukuliwa kuwa ya mfano ilikuwa ile ya kawaida ya wati 60. Sisi twapendezwa na habari hii kwa sababu inathibitisha kwamba mtu anayelalamika kuwa taa inamchosha macho hasemi upuuzi. Malalamiko yake yana kipimo.

Katika nchi yetu umeme ulifika Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu za mji walimokaa wao. Yaani tangu siku ya kwanza mashine na taa zilishiriki mtambo mmoja. Mwaka 1931 zikaundwa kampuni mbili, DARESCO na TANESCO, na katika miaka ya 1930 nguvu za maporomoko ya Pangani zikaanza kutumiwa kwa ajili ya Tanga na mashamba ya mkonge. Mwaka 1964 serikali ikanunua hisa za kampuni hizo, na katika mwaka huohuo mtambo wa Hale, wenye megawati 21, ukaanza kazi. Jirani zetu wa Uganda walikuwa wamefungua bwawa la Owen Falls pale Jinja mwaka 1954. Lakini mkulima wa kawaida hakuuona umeme huo ila kwa mbali. Ushirika ulikuwapo kabla ya nguzo: Chama Kikuu cha Kilimanjaro, KNCU, kilianza mwaka 1933, na shirikisho la vyama vya pamba vya kanda ya Ziwa Victoria likaundwa mwaka 1955. Wakulima wale walipima, walikoboa, walichambua, na waliuza mazao yao kwa miaka mingi huku nyumbani wakiwasha kandili. Sheria ya nishati vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini ukaanza kazi mwaka 2007. Kwa hiyo vijiji vingi vilivyo wanachama wetu vina umeme kwa muda usiozidi umri wa mtoto wa shule.

Wakulima waliotutangulia hasa katika jambo hili ni wa Marekani, na habari yao yatuhusu kuliko ile ya Edison. Mwaka 1935, Rais Franklin D. Roosevelt alipoanzisha idara ya kupeleka umeme mashambani, takriban shamba moja tu kati ya kumi lilikuwa na umeme, ilhali mijini karibu kila nyumba ilikuwa nao. Makampuni yalisema mashamba yako mbali mbali, faida haipo. Sheria ya mwaka 1936 ikatoa mikopo, na waliochukua mikopo hiyo kwa wingi walikuwa vyama vya ushirika vya wakulima wenyewe, vilivyopita nyumba kwa nyumba vikikusanya kiingilio, mara nyingi dola 5. Ili pesa zitoshe, walijenga njia nyepesi: nguzo zilizotengana sana, waya mwembamba, na njia moja badala ya tatu. Walikadiria kwamba nyumba itakuwa na taa chache, pasi na redio. Baada ya Vita Kuu ya Pili mkulima akanunua mashine ya kukamulia ng'ombe, pampu, kinu cha kusagia chakula cha mifugo, na kikaushio cha nafaka. Njia zilizokuwa fahari ya mwaka 1938 zikaonekana nyembamba kabla miaka 15 haijaisha. Vyama vikalazimika kukopa tena, kujenga upya, kuongeza transfoma, na kuweka kanuni za ukubwa wa mota anayoruhusiwa mtu kuifunga kwenye njia moja. Hapana shaka palikuwa na mikutano yenye kelele.

Huko New Zealand, mhandisi Lloyd Mandeno alikwenda mbali zaidi katika kubana matumizi. Mnamo mwaka 1925 alibuni njia ya waya mmoja tu, ambayo ardhi yenyewe ndiyo huurudisha umeme. Njia hiyo ilieneza umeme katika sehemu zisizo na watu wengi, huko na Australia, kwa gharama ambayo hapana njia nyingine ingeiweza. Lakini njia ya waya mmoja ni dhaifu mbele ya mota kubwa, na wakulima wake wamejifunza kuishi na sharti hilo. Twasema haya bila kuwabeza. Nuru yenye sharti ni bora kuliko kandili, ila sharti lazima lielezwe kabla ya mtu kununua mashine.

Sasa tuseme habari za kwetu. Tumekwisha kuona kwamba mwanachama akisema "taa zinacheza", neno hilo laweza kuwa na maana tatu, na hatari zake si sawa.

Ya kwanza ni ile iliyokwisha kuelezwa: taa hufifia kwa sekunde moja au mbili kinu kikianza, kisha hurudi. Au hutetemeka muda wote fundi wa kuchomelea vyuma anapofanya kazi, kwa kuwa kila mguso wa fimbo yake ni mvuto mpya. Hii ni kero, wala si hatari. Lakini ikitokea mara nyingi kila siku na kwa kina kikubwa, friji huweza kuumia, maana mota yake ndogo ikijaribu kuanza wakati volti ziko chini hushindwa kuzunguka, ikakaa inavuta umeme na kupata joto. Chombo cha kupoozea maziwa kina mota kubwa kuliko ya friji, na tabia yake ni hiyohiyo. Wenye taa za kisasa za LED wataona tofauti: zile zilizotengenezwa vizuri hazitikisiki hata volti zikishuka sana, na zile za bei rahisi hupepesa kuliko taa za zamani.

Ya pili ni taa za nyumba moja tu kupepesa, jirani hana habari. Mara nyingi hapo pana kiungo kilicholegea: kwenye nguzo, kwenye mita, au nyuma ya swichi. Waya wa aluminiamu ukifungwa na wa shaba bila kiungo chake maalumu, mahali pale huliwa na kutu, na kiungo kilicholiwa huchemka kila mzigo mkubwa upitapo. Harufu ya plastiki inayoungua au soketi yenye joto ni ushahidi tosha. Nyumba huungua kwa sababu hii, na kinu cha chama hakihusiki hata kidogo.

Ya tatu ndiyo tunayotaka kila mwanachama aishike. Kama jirani akiwasha pasi au mashine, taa zako hazififii bali zinazidi kung'aa, huku za nyumba nyingine zikififia, basi waya wa nyutro umekatika au umelegea. Katika njia tatu nyumba hugawanywa, hizi kwenye waya huu na zile kwenye waya ule, na nyutro ndiyo inayozishika zote katika volti 230. Ikiachia, nyumba hugawana volti 400 kwa bahati: yenye mzigo mdogo hupata nyingi, yenye mzigo mkubwa hupata chache. Redio, televisheni na chaja huungua kwa dakika. Hapo zima swichi kuu mara moja, waambie jirani wafanye vivyo, toeni taarifa kwa watu wa umeme, wala mtu asipande nguzo.

Tumebaki na swali la nani alipe. Wako viongozi wenzetu wasemao kwamba kinu kilifungwa kwa kibali, kwa hiyo chama hakina deni. Sisi hatukubaliani nao. Ni kweli kwamba waya mwembamba si kosa la chama, na kwamba nyumba zimeongezeka juu ya transfoma ileile mwaka hata mwaka. Lakini ziko kazi mbili ambazo ni za mwenye mashine. Ya kwanza ni namna ya kuiwasha. Mota ya njia tatu ikifungwa swichi ya nyota na pembetatu, ile ambayo mafundi huiita sta-delta, huvuta kwenye waya theluthi moja tu ya mkondo ambao ingeuvuta ikiwashwa moja kwa moja. Ila nguvu yake ya kuanzia nayo hushuka hadi theluthi moja, kwa hiyo haiwezi kuanza ikiwa mahindi yamo kwenye mashine. Mwendeshaji aliyezoea kuacha debe likiwa limemiminwa nusu, kisha akazima na kuwasha, huidharau swichi hiyo na kusema haifai. Haifai kwa sababu ya mahindi yale. Viko pia vianzishi vya kisasa na vidhibiti vya mwendo ambavyo huipandisha mota polepole, navyo bei yake imeshuka kuliko zamani. Ya pili ni kupanga zamu. Mahali penye kinu, pampu na chombo cha kupoozea maziwa juu ya transfoma moja, hapana sababu ya vyote vitatu kuanza saa kumi na mbili na nusu ya jioni, wakati watoto wanasoma.

Panapokuwa na mashine kubwa kweli, kama za kukobolea kahawa au kuchambulia pamba, dawa ni ile ya mwaka 1880: njia yake mwenyewe, na transfoma yake mwenyewe. Gharama hiyo twaona ni ya chama, itiwe ndani ya bei ya mashine tangu siku ya kuinunua, wala isije kama mzigo wa ghafula baada ya malalamiko. Kamati za vyama vya msingi zitakazoleta maombi ya mashine mpya kwenye Chama Kikuu zitaulizwa mambo manne: ukubwa wa mota, aina ya swichi ya kuwashia, umbali kutoka transfoma, na idadi ya nyumba zilizo kwenye transfoma hiyo. Daftari la kuandikia mambo hayo limekwisha kupigwa chapa, na makatibu watalipata pamoja na kitabu hiki.